Ubeti Mmoja kwa Kila Gurudumu

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, ulichokosa ni aibu yangu tu, na usijali, bado imebaki ya kutosha.

Mimi ni Nzau, fundi wa magari pale soko la Tulia. Nampenda Mwongeli, anayeuza dawa za mifugo katika duka linalotazamana na gereji yangu. Mara mbili nimejaribu kupeleka kwao Matinyani mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hawezi kusema ana mke. Mara mbili nimeshindwa.

Mara ya kwanza pikapu ya kukodi ilivunjika springi njiani. Mara ya pili nilifika na mbuzi wangu nikakuta geti limefungwa na watu wote wako mazishini, kwa kuwa nilikuwa nimekosea Jumamosi. Baba yake, Mzee Muindi, alinipigia simu jioni hiyo. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kijana, nitakungoja mara ya tatu. Jumamosi ijayo, mpaka saa sita mchana. Saa sita ikipita nafunga geti naenda kamati ya kanisa. Na wewe utakuwa umenijibu."

Jumamosi hiyo ndiyo ninayoiungama leo.

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa gerejini nimevaa suti, viatu vinang'aa. Shangazi Mbula alikuwa amekalia kreti ya soda, mablanketi ya kumpa mama mkwe mapajani. Mjomba Kisilu, msemaji wetu, alikuwa amefika na mbuzi watatu kutoka kwake, alikonitunzia tangu Januari. Kilichobaki ni pikapu.

Simu ikalia. Alikuwa mwenye pikapu.

"Nzau, ndugu yangu, mimi niko Mwingi na mzigo ya mtu. Hatuwezi fanya hii kitu kesho?"

"Kesho? Kesho nitakuwa nimekataliwa!"

"Pole. Basi tuombeane."

Nikakata simu. Shangazi akaniangalia, mjomba akaniangalia, na nafikiri hata mbuzi waliniangalia.

Kulikuwa na gari moja tu zima katika gereji yote. Lilikuwa la Kiragu.

Nisimame hapo kidogo niwaeleze kuhusu huyu Kiragu. Ni mtu wa Kirinyaga aliyehamia Mukuyuni miaka kumi iliyopita, akafungua duka la mabati na misumari. Mtu mzuri, mcheshi, mwenye tumbo la mtu aliyetulia. Lakini ana ugonjwa mmoja: anapenda gari likae chini. Alikuwa ameagiza shoki za kupanda na kushuka, akanitafuta mpaka Tulia nizifunge, kwa sababu nilimwambia kwamba toka Mukuyuni mpaka Kitui hakuna fundi mwingine anayezijua. Sikumwambia kwamba zake zilikuwa za pili maishani mwangu.

Shoki hizo si za kawaida. Mwili wa kila moja umekatwa nyuzi kama bolti. Kwenye nyuzi kuna ringi mbili: moja inabeba springi, nyingine inaikaza ile ya kwanza isicheze. Unalegeza ya kukaza, unazungusha ya springi. Ukiipandisha gari linapanda, ukiishusha linashuka. Ukisikia hivyo utasema ni kazi ya mtoto. Kazi ni kuhakikisha magurudumu yote manne yamekubaliana.

"Ishushe mpaka vidole viwili," Kiragu aliniambia, akiweka vidole vyake kati ya tairi na madigadi. "Nikipita Mukuyuni, watu wajue nani amepita."

Nilikuwa nimeishusha vidole viwili kamili. Nilikuwa nimepima. Mwenyewe alikuwa amesafiri kwao, angelichukua Jumatatu.

Sasa, sisi mafundi tuna neno letu: testi. Gari likitoka gerejini na fundi ndani, hakuna anayeuliza linakwenda wapi. Ni testi. Namjua fundi mmoja aliyefanya testi mpaka kwenye harusi ya dada yake, akarudi siku ya tatu. Siku zote nilikuwa nikimsema vibaya.

"Pandeni," nikasema.

"Hii ni ya nani?" Shangazi Mbula akauliza.

"Ya kazi."

Mjomba Kisilu hakungoja aambiwe mara mbili. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, na upande wake ukashuka. Ni mtu mkubwa, mjomba wangu, na suti yake ina vifungo vinavyofanya kazi ngumu. Shangazi akakaa nyuma na mablanketi na soda. Mbuzi tukawaweka kwenye buti, wale wa kike wawili na beberu, na kwa kuwa ni stesheni wagoni, buti imeungana na viti, beberu akaweka kidevu chake begani mwa shangazi akaanza kumnusa kilemba.

Hatukuwa tumepita hata duka la mwisho la Tulia nikasikia mlio: krrr, krrr. Tairi za nyuma zilikuwa zinasugua madigadi.

"Ni nini hiyo?" mjomba akauliza.

"Ni gari linaongea."

"Inasema nini?"

Nilijua linasema nini. Linasema vidole viwili ni vya mtu mmoja mwembamba mwenye mkoba, si vya Mjomba Kisilu na beberu. Tuta la kwanza tulilipita kwa upande, la pili tumbo la gari likasugua lami kidogo, na moyo wangu ukasugua nalo.

Kisha tukafika kwenye mto.

Ule mto hauna maji mwaka mzima, una mchanga tu, na pale pa kuvukia wameweka zege. Mvua za Aprili zilikuwa zimekula zege ukingoni, pakabaki ngazi ya karibu nusu futi. Pikapu inaruka hapo bila kufikiri. Nikashuka nikachuchumaa, nikaangalia tumbo la gari la Kiragu, nikaangalia ile ngazi. Haikuwezekana.

Saa tatu na nusu. Jua lilikuwa limeshaanza kazi yake.

"Turudi tutafute gari ingine," nikasema.

"Msafara wa ntheo haurudi nyuma!" Mjomba Kisilu akasema, bila kushuka. "Babu yako alivuka Athi na mbuzi kichwani."

"Alivuka na mbuzi, mjomba. Hakuvuka na wewe."

Shangazi akacheka mpaka soda zikagongana.

Hapo simu ikalia tena. Nikaangalia jina: KIRAGU. Nikatamani mto uwe na maji nijitupe.

"Fundi wangu! Gari iko aje?"

"Iko sawa, bosi. Hata saa hii niko barabarani, naifanyia testi."

"Ona sasa! Wewe ndio fundi. Wengine wanakurudishia gari hawajaiendesha hata mita moja. Lakini skiza, usiitest ikiwa tupu. Iwekee mzigo uone kama tairi inagusa."

"Nimeiwekea, bosi. Inagusa kidogo."

Beberu akalia kwa nguvu zake zote.

"Hiyo ni nini?" Kiragu akauliza.

"Ndio mzigo, bosi."

Akacheka sana, akadhani natania, akanibariki, akakata simu. Nilibaki na simu sikioni. Mtu anakuamini hivyo, nawe umempakia mbuzi. Nilijisikia mdogo, lakini sikujisikia mdogo kiasi cha kurudi nyuma. Nikafungua buti nikatoa jeki, spana ya magurudumu, na ile spana ya ndoano ya kuzungushia ringi.

"Shukeni wote. Na mbuzi pia. Tunapandisha gari."

Nilivua koti nikampa shangazi, nikakunja suruali, nikatandika mikeka ya gari chini. Mjomba akasimama kwenye kivuli cha mgunga akiwa ameshika kamba za mbuzi. Nikapiga jeki gurudumu la mbele kushoto, nikalitoa, nikafuta vumbi kwenye nyuzi, nikalegeza ringi ya kukaza. Kisha nikaanza kuzungusha, nikihesabu kwa sauti kama ninavyofanya siku zote.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Nzau! Nyamaza!"

Niligonga kichwa kwenye madigadi.

"Kuna nini, mjomba?"

"Unahesabu mbele ya mbuzi za ntheo? Nani alikufunza? Mifugo haihesabiwi kwa sauti. Ukihesabu, inapungua."

"Sihesabu mbuzi, mjomba. Nahesabu duru za ringi."

"Mbuzi inajua unahesabu nini?"

Nikamgeukia shangazi nikitafuta msaada. Shangazi Mbula ni mshirika wa kanisa, ameokoka miaka thelathini, anakemea mambo ya mila kila Jumatano. Akakuna shingo.

"Mimi hayo mambo siyaamini," akasema. "Lakini leo usihesabu."

Unaweza kucheka. Mimi pia nacheka sasa. Lakini nilikuwa nimeshindwa mara mbili, na mtu aliyeshindwa mara mbili anaanza kuogopa hata kivuli chake. Sikutaka mbuzi hata mmoja apungue. Nikisema nihesabu duru kimoyomoyo, mjomba hakunyamaza hata dakika, na kila akisema kitu nilipoteza nilipofika.

"Basi mimi nitaimba," shangazi akasema. "Wimbo hauna ubaya na mbuzi."

Hilo lilikuwa wazo zuri, na bado nalitetea. Kuna wimbo wa shukrani wa kanisani kwao. Ubeti una mistari sita, kiitikio minne, jumla kumi. Nikafunga macho: duru mbili kwa kila mstari ni duru ishirini, na duru moja ni milimita mbili. Gari litapanda sentimita nne.

"Unahesabu?" mjomba akauliza kwa shaka.

"Naomba, mjomba."

"Endelea."

Shangazi akaimba, nami nikazungusha. Ana sauti nzito, tamu, haikimbii. Mstari mmoja, duru mbili. Mstari mmoja, duru mbili. Kiitikio kikaisha, nikakaza ringi, nikarudisha gurudumu. Mbele kulia vilevile. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kufikiri nitaitumia njia hiyo kila siku gerejini.

Tukafika nyuma kulia.

Ubeti wa tatu wa wimbo huo unahusu aliyevushwa jangwani akiwa amekata tamaa. Shangazi alipofika hapo, nadhani alituona sisi wenyewe, hapo kwenye mchanga. Sauti ikapanda. Macho akafumba. Alipomaliza kiitikio hakuacha, akakirudia. Akakirudia tena, mkono mmoja juu na koti langu likipepea mkononi. Mjomba Kisilu naye, ambaye kanisani huenda Krismasi tu, akajiunga na besi.

Nami niko chini ya gari, nazungusha. Mikono ilikuwa imeshazoea kufuata sauti. Niliona kama ubeti huu ni mrefu kidogo, lakini mtu hamwambii shangazi yake ampunguze Roho. Mpaka anasema amina, amekiimba kiitikio mara nne.

Gurudumu la mwisho aliimba akihema, ubeti wake sawasawa, na tukamaliza. Futi yangu ya kupimia ilikuwa imebaki gerejini kwenye mfuko wa ovaroli. Nikaangalia kwa macho, na kwa macho gari lilikuwa safi, kwa sababu lilisimama kwenye mteremko wenye mawe, na kwenye mteremko kila kitu kimepinda.

Tukapakia. Nikavuka ile ngazi taratibu, tairi moja moja, wote tumeshika pumzi. Tumbo halikugusa. Mjomba akapiga makofi kwenye dashibodi.

"Vai thina! Hakuna shida!" akapaza sauti. "Twende tukachukue bibi!"

Saa tano na dakika arobaini tulikata kona ya mwisho Matinyani.

Wanawake wa kwao walikuwa wamefunga geti kwa miili yao kama desturi, wanaimba, wanataka kujua sisi ni kina nani na tumepotea tukitoka wapi. Mjomba Kisilu akajibizana nao kwa dirisha, na hapo ndipo nilipokubali kwamba kweli mtu huyu alizaliwa kuwa msemaji. Geti likafunguliwa. Nikaingia kwenye uwanja uliofagiwa, tambarare kama sahani, nikazima gari, nikashuka.

Wimbo ukakatika.

Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Mwingine akasema, "Aiya! Hiyo gari inafanya nini?"

Nikageuka kuangalia. Mguu wa nyuma kulia ulikuwa umeinuka, na pua ya kushoto imeinama kuelekea chini. Gari la Kiragu lilisimama katikati ya boma la mkwe wangu kama mbwa aliyepata mti.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walicheka wakishika fimbo, akina mama walicheka wakishikana. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia, maana sikuwa na la kufanya na uso wangu.

Mzee Muindi akaja polepole. Ni mrefu, mkavu, kofia mkononi. Akalizunguka gari lote, akasimama kwenye lile gurudumu, akalisukuma kwa fimbo.

"Huku nyuma imeinuka ya nini?"

"Ndio ya kisasa, mzee," Mjomba Kisilu akajibu haraka.

"Ya kisasa inainua mguu?"

"Ni ya kubeba mzigo. Mzigo ikikaa, inalala sawa."

Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akauliza swali ambalo nimelisikia kila siku tangu siku hiyo.

"Ni yako?"

Alikuwa ananiangalia mimi. Lakini siku ya ntheo mwoaji hasemi. Anakaa, anatazama chini, msemaji wake anasema. Nikamtazama mjomba.

"Ya kijana wetu!" Mjomba Kisilu akanguruma. "Atapanda nini tena kama si yake? Fundi mzima!"

Nilifungua mdomo, shangazi akanikanyaga kidole. Sijui kama alinikanyaga kwa ajili ya uongo au kwa ajili ya desturi. Nikaufunga. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe ninayoiungama, si kule kulichukua gari. Uongo aliusema mjomba, lakini niliuacha ukae, kwa sababu uso wa Mzee Muindi ulikuwa umelainika, na nilikuwa nimeutamani ulainike kwa miezi saba.

Tukakaribishwa chini ya hema. Mablanketi yakapokelewa, soda zikafunguliwa, mchungaji akaomba. Mama yake Mwongeli, jina lake Katunge, alikuja kunisalimu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akausogeza uso wake karibu na wangu ili anione. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili.

"Mwana wakwa, mwanangu," akaniambia, "Mungu anajua saa yake. Jumanne naitwa kliniki ya macho Kitui. Mara mbili nimepelekwa na pikipiki nikashindwa, naogopa kitu siioni. Leo mnaniletea mkwe na gari!"

"Basi Jumanne atakupeleka," Mzee Muindi akasema. "Si ndio, Kisilu?"

"Mpaka mlangoni kwa daktari!" mjomba akasema.

Vigelegele vikapigwa. Nikaweka soda chini. Jumanne gari litakuwa Mukuyuni, limelala vidole viwili, na Kiragu ndani. Na mama huyu atakuwa amevaa nguo zake nzuri, amekaa getini anangoja mlio wa gari asiloliona.

Ndipo Mwongeli akaitwa.

Alitoka amevaa gauni la buluu, nikasahau hata kupumua. Kwa kawaida akiniona anatabasamu mpaka pengo lake la mbele linaonekana. Siku hiyo hakutabasamu. Alipita karibu na lile gari, akaliangalia namba, akaja akasimama mbele ya baba yake. Kumbukeni duka lake linatazamana na gereji yangu. Siku Kiragu alipolileta lile gari, ni yeye aliyempa maji ya kunywa.

Beberu akaletwa katikati. Mzee Muindi akasema kama inavyosemwa:

"Mwongeli, watu hawa wamekuja na mbuzi. Wanasema wanatumwa na wewe. Sisi hatuli cha watu tusiowajua. Huyu kijana unamjua? Tuchinje, ama tuwarudishie mbuzi zao?"

Mwongeli alimwangalia beberu, kisha baba yake.

"Baba," Mwongeli akasema, "sijui nijibu aje. Yule Nzau ninamjua mimi hana gari."

Nilisikia pumzi za watu zikiingia ndani kwa pamoja. Mjomba Kisilu akainuka nusu, kidole juu, mdomo tayari.

Nikamtangulia. Nilisimama, nikavunja desturi mbele ya wazee kumi na mchungaji.

"Baba, nisamehe. Hiyo gari si yangu. Ni ya mteja wangu, anaitwa Kiragu, na hajui iko hapa. Pikapu iliniangusha asubuhi. Niliogopa saa sita. Nilijua nikichelewa tena nimempoteza, nikaona heri nikufikie na gari ya mtu kuliko nisikufikie kabisa. Halafu ulipouliza, ningesema. Sikusema. Nilipenda vile uliniangalia."

Nikamgeukia mama.

"Mama, Jumanne nitakuja. Sijui nitakuja na nini. Ikibidi nitakuja kwa miguu nikushike mkono mpaka stejini. Lakini siyo na hiyo."

Nilimaliza nikabaki nimesimama, kwa sababu sikujua kama bado nina kiti hapo. Mzee Muindi alinitazama. Kisha akaligeukia gari, lililokuwa bado limeinua mguu wake, na nikaona mdomo wake ukicheza.

"Na huo mguu?" akauliza. "Hiyo pia ni ya Kiragu?"

"Huo ni wangu, baba. Nilikuwa nazungusha springi, shangazi anaimba. Alirudia kiitikio."

"Mara ngapi?"

"Alirudia sana," shangazi mwenyewe akajibu, macho chini.

Mchungaji ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akavua miwani. Mzee Muindi akafuata, kicheko kikavu kama cha mtu asiyekitumia mara nyingi, na boma lote likapasuka. Kilipotulia akamgeukia binti yake.

"Huyu sasa unamjua?"

"Huyu namjua," Mwongeli akasema. Na lile pengo likaonekana.

Ndugu msomaji, nimefunga injini zilizokufa zikaamka, lakini sijawahi kusikia kitu kizuri kama yale maneno mawili. Nilitaka kulia, na nafikiri nililia kidogo. Mama Katunge alipiga makofi hewani upande nisiokuwepo. Kisu kikaletwa.

Mzee Muindi akamshika beberu pembe.

"Haya. Kwa vile umefungua mdomo siku isiyo ya kuufungua, malizia. Hizi mbuzi tatu, ni zako?"

Hatimaye swali lenye jibu rahisi! Nikavimba kifua.

"Hizo ni zangu kabisa, baba. Nilizinunua mwenyewe Januari, zikakaa kwa mjomba. Hakuna mtu mwingine anayezidai."

"Zote tatu?"

"Zote."

Mzee akainama kidogo upande, akakunjua sikio la kushoto la beberu kwa vidole viwili, akalifuta vumbi. Palikuwa na alama mbili zilizokatwa ukingoni, za zamani, zimepona. Mimi gari nalijua kwa mlio wake, lakini mbuzi kwangu ni mbuzi, na beberu wangu sikuwa nimemkagua tangu nilipomnunua. Ila jambo moja nililikumbuka vizuri. Beberu niliyenunua mimi masikio yake yalikuwa mazima.

"Hii alama naijua," Mzee Muindi akasema polepole. Hakuwa anacheka tena. "Na mwenye hii alama amekaa hapa ndani ya hema."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akainuka, akaanza kuja mbele na fimbo yake.

Shangazi Mbula akanivuta koti. "Nzau," akanong'ona, "keti chini."

Nikamtafuta Mjomba Kisilu. Mtu huyo alikuwa ameongea tangu asubuhi bila kumeza mate. Sasa alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti, anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.